Binti yangu anahangaika na damu yangu, nami nimenyamaza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, na kabla sijataja shida yangu ujue kwanza unasoma barua ya mama wa nani, maana mimi ni fundi cherehani tu, shule niliishia darasa la saba, lakini kitindamimba wangu ni mtafiti wa saratani, daktari wa maabara, si wa sindano, na koti lake jeupe nimelishona mwenyewe kwa sababu wanayopewa kazini yanampwaya mabegani, na wateja wangu wote wanalijua hilo, hata wasiouliza.

Kazi yake ni hivi. Mwili una askari wake, na saratani ni mwizi aliyevaa sare zao, kwa hiyo wanapishana naye na kumpigia saluti, sasa mwanangu anatafuta namna ya kuwaamsha wamtambue. Anachanganya chembe za damu na chembe za saratani kwenye visahani vidogo, kisha anachungulia kwenye hadubini nani kampiga nani.

Mwaka huu walitaka damu ya watu wa umri wangu wasio na ugonjwa, ili walinganishe na ya wagonjwa, basi mimi nikawa wa kwanza mlangoni, nimevaa gauni langu la kutokea. Nesi akanipa fomu, ndani kuna swali, unatumia dawa yoyote? Mshauri, magoti yangu yamekwisha kwa kukanyaga cherehani miaka thelathini na tano, kila asubuhi nameza vidonge viwili vyeupe ninavyonunua duka la dawa bila cheti, navificha kwenye kopo la vifungo, hata binti yangu hajui. Lakini nilishautangazia mtaa mzima kwamba damu yangu ndiyo itakuwa kipimo cha uzima, ningeandikaje ndiyo? Nikaandika hapana. Wakanitoa damu, wakaipa namba ili hata wapimaji wasijue ni ya nani, na kikadi changu kikaandikwa kumi na nne.

Sasa kila tukiosha vyombo ni Kumi na Nne, Kumi na Nne. "Mama, askari wa wengine wote wanaamka, wa huyu Kumi na Nne wanasinzia tu. Ameniharibia jedwali zima!"

"Huenda kachoka, maskini."

"Achoke yeye, askari wake wanachokea nini?"

Juzi akasema ni kama mtu anayemeza zile dawa za steroidi za kutuliza uvimbe, eti zinawalaza askari, "lakini fomu inasema hatumii kitu, na siwezi kumwita mtu mwongo kwa kubahatisha." Sahani ikanitoka mkononi, nikasingizia sabuni.

Hayo ningeyameza. Ila amerudia jaribio mara tatu, na jana alikaa kwenye kiti cha wateja, akaitazama mikono yake, akasema, "Mama, labda ni mikono yangu. Mwisho wa mwezi nitamwambia mkuu wangu njia hii imeshindikana, nami naiacha." Mikono ile, mshauri! Ilitunga uzi kwenye sindano ikiwa ya miaka minne! Nikisema, ataaibika kwamba mwongo ni mama yake, na mimi huko mtaani nitapita na uso gani? Nikinyamaza, ndiyo namzamisha. Je, nikivimwaga vidonge kimyakimya, halafu nikatoe damu upya, haitatosha?

Mama Mtafiti

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mtafiti, shikamoo. Nimekuamkia mapema kwa sababu sasa nakugombeza.

Kwenye sahani nilicheka. Kwenye mikono nikaacha kucheka. Mtoto anaishuku mikono yake mwenyewe, na mtu pekee anayejua kwamba haina kosa amesimama pembeni yake anapangusa vikombe! Mama, wewe si mtu mbaya, umependa sifa tu, lakini sifa hizo sasa anazilipia mwingine.

Kumwaga vidonge? Usithubutu. Dawa za namna hiyo haziachwi ghafla, mwili uliozizoea unaweza kukuangusha. Zipeleke kwa daktari wiki hii, pamoja na hayo magoti, akuelekeze namna ya kuzipunguza. Na kutoa damu upya kwa siri ni kuupaka uongo rangi mpya.

Usingoje mwisho wa mwezi. Leo hii toa pakiti kwenye kopo la vifungo, iweke mezani, useme, "Mwanangu, Kumi na Nne ni mimi." Halafu nyamaza. Usianze habari za cherehani, wala usilie ili akubembeleze. Akikasirika, mwache akasirike. Kesho yake nenda mwenyewe kwa yule nesi ukarekebishe fomu kwa mdomo wako, asije binti akabeba kazi ya kukutetea. Huenda wakakufuta kwenye orodha. Kubali.

Kuhusu mtaa, mbona una la kuwasimulia? Binti yako alitazama chembe za damu za mtu asiyemjua, akatambua anameza nini, siri uliyoifungia kwenye kopo ndani ya nyumba yenu. Alipatia, mama. Alipatia kabisa, na mpaka sasa hakuna aliyemwambia. Nenda kamwambie.