Dola Isilale Kwako

Jumatatu, 23 Machi
Meza imefunguliwa saa mbili. Nanunua dola kwa huyu, nauzia yule, faida ndogo mara nyingi. Tonton Assani, mwenye meza, amekwenda msibani Isangi. Ameniachia mtaji wake wote, mwavuli na sharti moja: "Zaina, magaribi isikute dola kwako. Dola isilale." Akirudi Jumamosi ataamua: meza iwe yangu, au amuuzie jirani yetu Mama Furaha. Miaka yote hapa Makiso nabadilisha pesa kwenye kiti cha watu. Naitaka meza hii.

Jumanne, 24 Machi
Sikutii.
Mchana ndege kubwa ya mizigo ilipita juu ikishuka uwanja wa Bangboka. Toleka mmoja akapita na baiskeli yake ya abiria akipiga kelele: "Mushahara ya baalimu imefika!" Mishahara huja kwa ndege; walimu wakilipwa faranga, wote wanakimbilia dola, na dola inapanda. Nikanunua dola kwa mtaji wote. Adhana ya magharibi ikanikuta nazo mfukoni. Usiku mmoja tu, nilijiambia. Mjanja mimi.

Jumatano, 25 Machi
Ndege ilileta magodoro. Magodoro! Nimeyaona yakishushwa kwenye lori mbele ya duka. Mishahara, hakuna. Halafu wanunuzi wa mchele wamejaa mjini na dola zao, wanatafuta faranga za kununulia mpunga kule Yanonge. Dola imeshuka. Ningeuza asubuhi, ningepoteza kidogo. Nikasubiri. Mchana ikashuka tena. Nikasubiri kwa hasira, kana kwamba soko limenitukana mimi na mama yangu. Jioni sikuuza. Sikula.

Alhamisi, 26 Machi
Nimeuza zote. Kwa hasara. Nilikosea kuhesabu, mteja akaguna. Niliuza si kwa sababu najua kitu. Nimeona tu kwamba tangu juzi sitazami wateja, natazama juu, natafuta ndege. Aibu. Mama Furaha aliona kila kitu.

Ijumaa, 27 Machi
Leo mishahara imefika kweli. Dola imepanda kupita bei niliyonunulia. Siku moja tu ningevumilia!
Mama Furaha amecheka mpaka kikwembe kimemlegea. "Eh, Zaina, juu ya nini uliuzisha jana?" Nimemchukia. Nimejichukia zaidi. Wenzangu wote wamebaki na dola, wanangoja kesho ipande tena. Mimi nimenunua, nimeuza, nimenunua, nimeuza. Adhana imenikuta na faranga tupu. Hakuna aliyenipongeza.

Jumamosi, 28 Machi
Tonton amerudi. Nimemweleza yote, hata magodoro. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Ameuliza kitu kimoja: "Bon. Na jana, dola vile ilipanda, ulilalisha ngapi?"
Hata moja, nilisema.
Akachukua nusu ya mtaji uliobaki, akautia kwenye koti. "Meza iko yako. Makuta ya mtaji, tutaona." Akaondoka polepole, miguu yake inamsumbua tangu safari. Mama Furaha akageukia meza yake.
Nilitaka kulia. Kulikuwa na mteja.
Mchana ndege imepita. Wote tuliinua vichwa, na mimi pia. Halafu nikaendelea kumhesabia mteja faranga zake.