Yule Anayechechemea Mbele Yangu

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kazini, mlango nimeurudishia, maana jambo hili nikilisema nyumbani litazua balaa na nikilinyamazia litanimaliza, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho ndipo unicheke. Mimi ni fundi wa miwani, nina miaka arobaini na mmoja, kutwa nimekaa kwenye stuli nasaga vioo, na mwaka jana nilianza kuhema nikipanda ngazi za dukani kwetu, ngazi kumi na mbili tu, ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaniingiza kwenye klabu yao ya mbio za ramani. Pengine huzijui: unapewa ramani na dira, unaingia msituni peke yako, unatafuta vibendera vilivyofichwa, kila ukikipata kimoja unatoboa kadi yako, na anayewahi kumaliza ndiye mshindi. Shemeji alinionya, "Mwezi wa kwanza tembea tu, jifunze ramani, mbio zitakuja zenyewe," lakini mimi nilishanogewa, sikio la kufa halisikii dawa, wiki ya pili nikawa nakimbia siku sita kwa wiki, tena kwenye lami, na viatu vilivyokwisha soli.

Mwezi wa pili ugoko wa mguu wa kulia ukaanza kuuma, kwanza nikimaliza kukimbia, halafu nikiwa katikati, halafu hata nikikaa, na sikumwambia mtu, nikawa nameza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka, na mke wangu akiniuliza mbona nashuka ngazi upandeupande namwambia viatu vinabana.

Sasa Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazoezi kwenye msitu wa misonobari, asubuhi, ukungu umetanda, nikatafuta kibendera cha saba nisikione, mguu unawaka moto, mara nikaona mgongo wa mtu mbele yangu, traksuti ya buluu, kama hatua thelathini hivi, anakimbia polepole huku anachechemea mguu wa kulia, vilevile kama mimi. Shangazi, nilifarijika. Nikakunja ramani nikaitia mfukoni nikamfuata, nikiongeza mwendo naye anaongeza, nikipunguza anapunguza, na chini palijaa vijiti vikavu ambavyo mimi nikikanyaga vinalia na yeye akikanyaga havilii, nami nililiona hilo na bado sikusimama, kwa sababu tangu nianze kumfuata maumivu yalikuwa yameisha kabisa, kama mguu si wangu. Akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu ninayejuana naye, "Njoo, si mbali." Nikajibu, "Nakuja."

Hapo mguu ukagoma. Nikaanguka kifudifudi, na mkono wangu wa kushoto haukugusa ardhi. Nilikuwa kwenye ukingo wa machimbo ya zamani ya mawe, chini kabisa naona maji meusi, na yale machimbo yamo kwenye ramani, yamechorwa kwa mstari mweusi wenye meno, kitu cha kwanza shemeji alichonifundisha. Mbele yangu hapakuwa na mtu.

Nilirudi kwa kujikokota, nikamuuliza mama anayeandika muda wa wakimbiaji, mwalimu mstaafu, kama kuna mwenzetu mwenye traksuti ya buluu. Akaweka kalamu chini.

"Alikuwa anachechemea?"

"Umejuaje?"

"Wewe ni wa tatu kuniuliza. Na wote watatu mmekuja kwangu mnachechemea."

Basi nikajiambia ni ukungu na vidonge. Lakini Alhamisi mke wangu aliingia kutoka nje na ndoo mkononi, akasema, "Mwenzio wa mazoezi amesimama getini muda mrefu, mbona humkaribishi?" Nikauliza amevaaje. Akasema, "Buluu." Nilipotoka hapakuwa na mtu.

Mashindano makubwa ni baada ya wiki tatu. Nikimwambia mke wangu atanikataza, na shemeji ataniona mzembe. Ila kinachonitisha si yule mtu. Kinachonitisha ni kwamba kila nikifunga kamba za viatu natamani kumfuata tena, maana nikiwa nyuma yake siumwi. Nifanye nini? Namba ya simu ya nyumbani nimeiandika hapo chini, tafadhali usiichape.

Fundi wa Miwani

JIBU

Fundi, kwa kawaida mimi hujibu barua kwa barua. Yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikapiga simu papo hapo. Alipokea mkeo. Nikamuuliza uko wapi, akasema, "Ametoka sasa hivi na mwenzake, wameelekea msituni." Nikamwambia, "Mama, acha unachofanya, mfuate, umwite kwa jina lake, usiache kumwita."

Yaliyofuata unayajua: alikukuta umeketi kando ya njia, kiatu kimoja umekivua, hukumbuki umefikaje. Jioni ulinipigia mwenyewe ukaniambia eksirei imeonyesha ufa kwenye mfupa. Umeniruhusu nichape haya ili wengine wajifunze, na mimi sitakuonea haya.

Pole sana. Sasa nikuseme. Mtu mzima unayepima vioo kwa unywele umeshindwaje kupima mguu wako mwenyewe? Mwili ulikupigia kelele miezi miwili, wewe ukaufunga mdomo kwa vidonge. Maumivu ni mlinzi, bwana. Ukimlewesha mlinzi, usiulize nani ameingia ndani.

Yule mtu ni nani, sijui, na sitajifanya najua. Mkeo amemwona kwa macho yake, kwa hiyo usiniambie ni vidonge tu. Ninachojua ni kwamba anawapata watu wanaoficha jeraha. Basi acha kuficha. Mwambie mkeo kila kitu leo, hata yale ya machimboni. Mwambie shemeji azungushie utepe ukingo ule, na atangaze klabuni kwamba anayeumwa aseme bila kuchekwa. Yeye hakukuona mzembe. Nimeongea naye, alikuwa analia.

Mashindano sahau. Kaa wiki nane kama daktari alivyosema, si saba. Vidonge visivyoandikwa na daktari, tupa. Ukiruhusiwa kurudi, nunua viatu vipya, anza kwa kutembea nusu saa, kisha changanya dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, kwenye udongo si kwenye lami, na siku moja pumzika kati ya siku mbili za mazoezi. Ongeza kidogo wiki kwa wiki. Ukisikia uchungu mahali pamoja, pale pale, kila siku, simama na urudi hospitali. Na msituni ramani iwe mkononi, kidole kiwe mahali ulipo. Mgongo wa mtu si ramani, hata awe binadamu kamili.

Mkeo ameniuliza kama mwanamke wa umri wake anaweza kuanza mchezo huu. Nimemwambia anaweza. Wiki nane zikiisha, ingieni pamoja, mkitembea, na dira ashike yeye.

Shangazi