Jina la Pili

Jumanne, mtaa wa Pioneer

Usiku huu silali, na si kwa sababu ya gemu.

Jioni nilikuwa nacheza mpira mtandaoni na kijana nisiyemjua. Tulipiga stori vizuri kwa maiki mpaka akaniuliza kuhusu uchaguzi. Nikamwambia ninavyoona. Akauliza, "Jina lako la pili ni nani?" Najua watu huuliza hivyo ili wajue kabila lako, lakini mimi mjinga nikajibu: Wanjiku.

"Rudini kwenu."

Kwetu wapi? Nimezaliwa hapa Eldoret. Na siku zote nimesema matusi ya siasa mtandaoni ni kelele za watu wa mbali.

Halafu, nyuma ya sauti yake, nikasikia gari la matangazo likialika watu kwa krusedi, mkutano wa injili. Dakika chache baadaye gari hilohilo, na maneno yaleyale, likapita mbele ya geti letu.

Nikazima kila kitu. Baba akauliza nani ameshinda. Nikasema tumetoka droo.

Kesho ni zamu yangu ya kufungua duka letu. Kila atakayeomba maziwa, nitasikiliza sauti yake kwanza.