Mwenye Kusubiri Habebi Upanga wa Mikono Miwili

Kaka yangu Simai,

Kesho baada ya sala ya alasiri nnapigana na Sele wa Kiembe Samaki. Ni fainali, tena katika chumba kile kile cha gemu hapa Kikwajuni ulichonipeleka mara ya kwanza nikiwa bado na sare za skuli. Nnakuandikia kwa sababu kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Upanga wako siuchukui.

Usininunie. Najua ulivyokuwa ukiupenda. Katika wapiganaji wote wa gemu lile, na deraya zao na kofia zao za chuma, wewe ulimtaka mmoja tu, yule anayebeba upanga mrefu kuliko kimo chake, wa kushikwa kwa mikono miwili. Ukaupa jina la Shangazi, kwa sababu, ulisema, shangazi akiingia nyumbani kila mtu hukaa vizuri. Ukiuinua tu, vijana kwenye benchi wanapiga kelele, "Shangazi huyooo!" na yule mwenye pedi ya pili ya kuchezea anaanza kurudi nyuma kabla hujamgusa. Wallahi nilikuwa naona fahari. Nimejibana pembeni na buibui langu, roho inataka kupasuka niseme huyu ni wetu.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Siku ya kwanza nilichagua shoka kwa kuwa lilikuwa linang'ara. Nikalizungusha, nikamkosa adui, nikampiga kisogoni mtu wa upande wetu. Watu walivunjika mbavu. Wewe hukucheka mbele yangu, ulikwenda kuchekea nje, usidhani sikukuona. Tuliporudi nyumbani ukanipeleka uwani, ukashika mchi wa kinu kwa mikono miwili, mimi ukanipa ufagio na sinia.

"Silaha si kidani, mdogo wangu, usichague kwa kung'ara," ukaniambia. "Tizama mkono wako unafika wapi, kisha tizama pumzi yako inafika wapi."

Pumzi ndiyo uliyoisisitiza zaidi, ule mstari wa kijani chini ya jina la mpiganaji. Kila ukipiga unapungua, na ukiisha, mkono hauinuki tena hata ubonyeze pedi mpaka ivunjike. Ukanishushia mchi, nikauzuia kwa sinia, sinia likabonyea katikati. Mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Mna wazimu nyie? Sinia la pilau hilo!" Tukakimbia sote wawili, wewe mkubwa mzima na ndevu zako.

Haya, sasa nifike pale panaponiuma. Fainali yako na Sele. Ulikuwa umembana kwenye ukuta wa ngome, kabakisha pigo moja tu. Silaha yake ikaanguka. Chumba kizima kikasimama, "Mmalize! Mmalize!" Na wewe ukatulia, Shangazi kainuliwa juu, unamsubiri aokote. Akaokota, akainuka na pigo la kutokea chini, ukaanguka wewe.

Watu wa mjini hawakuelewa kitu. Mimi nilielewa, ndiyo maana nilikasirika kuwashinda wote. Sisi watoto wa Makunduchi. Kila sikukuu ya Mwaka Kogwa tulikuwa tunarudi kwa babu, tunawatizama wanaume wa kusini na wa kaskazini wakitandikana kwa migomba, kila mtu anatoa dukuduku lake la mwaka mzima, na wanawake pembeni wanawaimbia maneno ya kuwachoma. Babu alikufunza toka mdogo: mgomba wa mwenzio ukikatika mkononi, na wako unashuka mpaka apate mwengine, kwa sababu mchana huo huo mtakula sahani moja. Siku uliyosahau alikuzaba kofi mbele za watu. Kofi lile lilikukaa mpaka kwenye vidole, mpaka kwenye pedi.

Nilikuuliza njiani, tunapita chini ya majumba ya Michenzani, "Kwa nini, Kaka?"

"Ntampiga vipi mtu hana kitu mkononi?"

"Lakini lile gemu!"

"Naam, gemu," ukasema. "Mkono ni wangu."

Nikakununia wiki nzima, na wewe ukaniletea bakuli la urojo kila jioni mpaka nikacheka. Kisha ikaja homa ile, na mwezi wa Mfunguo Tatu tukakuzika. Hilo sitolisema zaidi. Nshalia, na leo sikukaa hapa kulia.

Nimekaa kwa sababu ya jina lako. Limekuwa kejeli, Kaka. Mtu akisita kwenye gemu wanamwambia, "Usifanye Usimai." Mzee wa watu anafikiria kete yake ya bao barazani, wanamwambia, "Simai huyo!" Wana hata methali yao kabisa, subira yavuta kichapo, wakishaisema wanagongana viganja. Nilikuwa napita najifanya sisikii. Lakini mwezi uliopita mama alitoka kununua mkate wa boflo, akawakuta watoto wanacheza njiani, watoto wadogo ambao hata sura yako hawaijui, wanatupiana neno hilo. Akarudi, akaweka boflo juu ya meza, akakaa na buibui lake bila ya kulivua.

"Mwanangu alifanya kosa gani," akaniuliza, "hata jina lake likawa la kuchekea?"

Siku ile ile nikenda kuomba niingie mashindanoni. Wakaguna, mwanamke, mwanamke, nikawaambia haya nikatazeni tuone. Hakuna aliyethubutu.

Nimeshinda zote mpaka hapa nilipo. Na wiki iliyopita nikaona kitu ambacho wewe hukukiona, kwa sababu mwenye kucheza hutizama tivi. Sele alikuwa anapambana na kijana mmoja, naye mtu wa kwetu Makunduchi, na mimi nimekaa benchi ya nyuma yao. Silaha ya Sele ikaanguka. Kijana akasimama kusubiri. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kidole gumba cha Sele, na kile kidole kilibonyeza kitufe cha kutupa silaha. Kaitupa mwenyewe! Anajua mtu wa Makunduchi atasubiri, basi anaitupa, anajipumzisha, anaokota, anamaliza. Watu wakashangiria, "Simai wa pili!" Toba yarabi, nilitaka nivue kiatu nimtandike nacho pale pale.

Nikarudi nyumbani na nia moja. Akiitupa kwangu, nampiga kabla haijafika chini. Nikaanza kufanya mazoezi ya hilo, tena kwa hamu. Ila kila nikimpiga yule adui mikono mitupu, nasikia watakavyosema: ah, hata dada yake kamuona mjinga. Ntakuwa nimeshinda mimi, na kejeli yako nimeipiga muhuri kwa mkono wangu. Nikaiweka pedi chini, nikaenda kuosha vyombo kwa hasira.

Siku ya pili nikamchukua Shangazi. Sikupigana na mtu, nilimuinua juu tu, kama ulivyomuinua siku ile, nikatizama mstari wa kijani. Ukawa unapungua. Sijapiga, sijapigwa, na pumzi inavuja tu! Uzito wake peke yake unaila. Kumbe ulipokuwa unamsubiri Sele ulikuwa unajimaliza mwenyewe, na alipoinuka hukuwa na pumzi hata ya kuzuia. Nililia na kucheka pamoja. Mwalimu wangu wa pumzi! Kusubiri kwako hakukuwa na kosa lolote, Kaka. Ulikosea siku uliyochagua upanga wa mikono miwili, na ulichagua kwa sababu ulipenda kutizamwa. Nakupenda, lakini huo ndio ukweli, na kama ungekuwepo ningekwambia usoni.

Mimi nnachukua ngao ya duara na mkuki mfupi. Haupendezi, najua. Vijana wanasema silaha ya mwoga, na mmoja kaniuliza kama huo ni mkuki au kijiti cha mishikaki. Acha waseme. Ngao hata ukiishika juu mpaka uchoke kusubiri, pumzi yako iko pale pale. Na mkuki mfupi unachoma pembeni ya ngao bila ya kufungua kifua. Kila siku nikishapika nafanya kitu kimoja: namwacha adui aokote, nalipokea pigo lake la kutokea chini, nachoma. Mwanzo nilikuwa naanguka ovyo. Sasa naanguka mara moja moja, na nikianguka najua sababu.

Mama nimemweleza yote. Kanisikiliza mkono shavuni.

"Kwa hivyo utamsubiri?"

"Ntamsubiri, mama."

"Na akikupiga?"

"Hanipigi."

"Basi na mimi nnakuja," akasema. "Nataka nimuone huyo Sele akiinama."

Hebu fikiria, Kaka, mama ndani ya chumba cha gemu! Vijana sijui watamkalisha wapi, ila najua watanyamaza.

Siwezi kukudanganya, nnaogopa. Nikianguka kesho watakuwa na majina mawili ya kuchekea, na mama atakuwepo anasikia. Nimelipima hilo kila upande na bado sigeuki. Akija na silaha yake mkononi, tutapigana. Na akiitupa, ntasimama mbele ya wote waliokucheka, ngao juu, pumzi yangu kamili, na ntamwambia kwa sauti mpaka wa nje wasikie:

"Okota, Sele. Mimi na Simai tumbo moja."

Mungu akulaze pema,

Mdogo wako