Fimbo Isiyofika

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na nisipoliandika hapa juu kabisa nitaogopa nikifika katikati: mimi hufumba macho. Fimbo ikinijia usoni, nafumba. Nimefumba tangu siku ya kwanza na hakuna aliyejua.

Sasa nikusalimu vizuri. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na yale mashuka ya hospitali unayofua? Sisi huku wazima. Mama naye mzima, ila tangu nimalize shule ananitazama kama kiti kilichoachwa njiani. Anataka nikajifunze cherehani kwa jirani. Mimi nataka kitu kingine, na wewe ndiye unayekijua, kwa sababu jozi yangu ya kwanza ya fimbo za henzirani ulinipa wewe.

Ukumbi ni uleule nyuma ya karakana ya Kocha. Mchana bado anachomelea mageti, jioni anatufundisha akiwa ananuka chuma. Jumatatu ndondi, Jumatano judo, siku nyingine fimbo za Kifilipino. Anasema ndondi inakufundisha miguu, judo inakufundisha kuanguka, na fimbo inakufundisha ukweli. Sheria yake unaijua: mtoaji anatoa pigo, mpokeaji anakinga. Toa taratibu ukitaka, lakini ifike. Mwenzako asipokinga, impate. "Ukimtolea fimbo ya uongo," husema, "umemfundisha kukinga hewa."

Wananisifu, Shangazi. Katika zoezi la kusuka, fimbo mbili kwa mbili zikipishana kama ukili, hakuna anayenifikia. Hawajui kwamba nasikiliza tu. Mlio unaniambia fimbo iko wapi, na kofia yenye wavu inanificha macho.

Dada aliyekuwa akifundisha wasichana wadogo amehama. Aprili kuna mtihani, na atakayefaulu atapewa darasa hilo. Nalitaka mno. Shuleni nilimaliza miaka yote bila kunyoosha mkono, na hata pale ukumbini wananiita Bubu, lakini nikishika fimbo huwa nina la kusema. Niambie, wewe ulifanyaje macho yasifumbe? Na tafadhali, hili lisitoke kwako.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeegemea mashine ya kufulia, ikawa inatutikisa wote wawili. Mimi mzima. Mgongo ni uleule, ukiuliza utajibiwa vibaya. Msalimie mama yako, mwambie kiti hukaliwa, hakitazamwi.

Kufumba macho si dhambi. Jicho lina akili yake, linajua thamani yake kuliko sisi tunaolibeba. Labda kuna jambo linakuambia. Si kila mtu aliumbwa kusimama mbele ya fimbo, na cherehani nayo inataka mikono miwili hodari. Usiukimbilie mtihani. Wewe bado mdogo, na Aprili hazijaisha duniani.

Siri yako imeingia kifuani mwangu, na humu hamna mlango wa kutokea. Lala salama.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi bega la kulia limevimba na sitaki pole.

Amekuja msichana mpya, bondia kutoka klabu ya ng'ambo ya mji, tunamwita Nyundo. Anataka kujifunza fimbo. Kocha akatupanga pamoja, yeye atoe, mimi nipokee. Akatoa pigo la kwanza, lile linaloshuka kwa mshazari kuja kwenye paji la uso. Nikainua fimbo yangu kama siku zote. Yake ikapita chini ya yangu, ikatua kwenye mfupa wa bega.

"Wewe, unakinga nini?" akaniuliza. "Fimbo yangu iko huku."

Nikamwambia arudie. Akarudia, ikatua palepale. Akashusha mkono akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "Dada, nani alikufundisha umbali?"

Nikamwita yule tunayemwita Mrefu, ambaye amekuwa mtoaji wangu muda wote huu. Nikaziweka fimbo zangu chini. Nikasimama mikono imening'inia, nikamwambia atoe. Kwa sheria ya Kocha ilipaswa inipate. Shangazi, nilijilazimisha macho yabaki wazi, yakatoka machozi, lakini niliona. Fimbo ya Mrefu ilisimama hewani. Kati yake na kofia yangu kiganja kingepita.

Nikamwita mwingine. Hivyo hivyo. Nikamwita mwingine, akaangalia sakafu. Wote, Shangazi. Wote walikuwa wananitolea fimbo isiyofika, kisha wananipigia makofi nikiikinga. Nilikuwa malkia wa kukinga hewa.

Nikaenda kwa Kocha nikamuuliza. Hata hakukana. Akasema, "Tena Aprili hutaingia. Anayefumba macho hawezi kufundisha watoto."

Nikamuuliza nani kamwambia nafumba macho.

Akasema, "Muulize shangazi yako. Na hilo la fimbo, muulize yeye huyohuyo."

Nakuuliza.

Mwanao


29 Machi

Shikamoo nimeiacha kwa makusudi. Kuhusu afya yako sitauliza.

Ulisema kifuani mwako hamna mlango. Kumbe ni soko. Nilikupa kitu kimoja ambacho sikumpa mama aliyenizaa, ukakipeleka moja kwa moja kwa mtu ambaye nilitaka asikijue. Na kabla ya hapo, kwa muda wote huo, uliwafanya watu wazima wanichezee kama mtoto anayeachiwa ashinde mbio. Nilikuwa narudi nyumbani nacheka peke yangu njiani kwa furaha. Unajua hilo linavyoniumiza sasa, kukumbuka nilivyokuwa nacheka?

Sasa hujibu. Bubu ni mimi au wewe?


10 Aprili

Mwanangu,

Hukunipa shikamoo, na mimi sikupi marahaba. Tumekwisha kulipana. Hasira zako nimezipokea, sasa keti upokee zangu.

Umewahi kujiuliza kwa nini nageuza kichwa chote ninapotaka kumtazama aliye kushoto kwangu? Nyumbani mliambiwa ni maradhi ya utotoni. Si maradhi. Jicho langu la kushoto halioni.

Nilikuwa kipenzi cha ukumbi ule kabla hujazaliwa. Kocha naye alikuwa mwanafunzi tu, na ndiye aliyekuwa mtoaji wangu. Tulikuwa tunapendana kidogo, sikufichi. Kwa hiyo alikuwa ananitolea kwa huruma, nami sikujua. Akaja mgeni wa klabu nyingine, tucheze kirafiki. Kofia za wavu enzi hizo hatukuwa nazo. Mgeni akatoa, nikakinga pale nilipozoea kukinga. Basi. Nilikuwa na umri kama wako.

Fimbo nilikupa kwa sababu nilizipenda na bado nazipenda. Ila ulipoingia mlango ule nilimwambia Kocha: una deni kwangu, mtoto huyu asiguswe. Na uliponiandikia kwamba unafumba macho, nilikosa usingizi, nikamwandikia akuzuie mtihani. Ndiyo, nilisema. Ningeulizwa leo ningesema tena. Niite msaliti. Afadhali niwe msaliti mwenye mtoto mwenye macho mawili.

Sikujibu mapema kwa sababu kila nilipoanza, nilichana.

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo naitoa kwa moyo, lakini usidhani hasira zimekwisha. Hujambo? Mgongo je? Na jicho lile jingine, linachoka kwa kufanya kazi ya mawili? Nimekaa nalo swali hilo.

Barua yako niliisoma nikairudia, nikingoja uone ulichoandika mwenyewe. Hukukiona. Aliyekupofua si yule mgeni. Mgeni alifuata sheria, alitoa fimbo ikafika. Aliyekupofua ni yule aliyekuhurumia. Kisha ukaenda kwa mtu yuleyule, ukamwomba anifanyie mimi vilevile.

Nilikwenda karakana mchana, Kocha akiwa katikati ya kuchomelea. Kulikuwa na mteja anasubiri geti lake. Nikasema mbele ya mteja, mimi Bubu, kwa sauti ambayo sijui ilikuwa imehifadhiwa wapi: "Shangazi ulimtoa jicho kwa huruma. Mimi unanitoa lipi?"

Mteja akajifanya anakagua bawaba. Kocha akainua kinyago, akazima moto. Kisha akasema, "Kila siku nawaambia ifike, kwako nikawazuia. Sikuwahi kukusikia ukilia, nikaona nafanya vizuri." Jioni ile akawaambia wote: kuanzia leo, kwa huyu, ifike.

Ikafika. Nina alama mikononi, mama anadhani nimegombana na mlango. Nyundo ndiye aliyenifundisha macho, kwa njia ya ndondi. Ananigusa paji la uso kwa glavu, taratibu, na lazima nimwambie ni mkono upi. Nikikosea ananiambia, "Bubu, hayo ni macho au vifungo vya shati?" Kwenye judo nikirushwa lazima niitazame dari mpaka mgongo ugonge mkeka. Bado yanataka kufumba, Shangazi. Nadhani yatataka siku zote. Ila sasa yanataka, nami nakataa.

Mtihani wa Aprili ulinipita. Aliyeufanya alishindwa, na wiki iliyopita Kocha akanipa wangu, mtoaji akiwa yeye mwenyewe. Kuna mapigo yalinipata. Niliyaona yote yakija. Pigo uliloliona likija linauma, lakini halina dharau. Darasa ni langu.

Sasa nisikilize. Siku ya kwanza ya darasa kulikuwa na mtoto mmoja, jino la mbele halipo, fimbo imemzidi urefu. Nikamtolea pigo la kwanza, taratibu kabisa. Nikamwona kupitia wavu amefumba macho. Na mkono wangu, Shangazi, mkono wangu huu uliokuwa na hasira na dunia nzima, ukakata njia wenyewe. Kiganja kingepita kati ya fimbo na kofia yake. Akakinga hewa, akafumbua macho, akacheka.

"Nimeikinga, mwalimu?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Lilitoka tamu. Nikakujua mle ndani ya neno hilo, nikakukasirikia upya, na nikajikasirikia mimi zaidi.

Kabla ya kufunga darasa nilimrudia. Nikamwambia hukuikinga, nilikudanganya, tuanze tena. Nikatoa taratibu vilevile, ikafika, ikagonga kofia. Akalia, akasema mimi mwalimu mbaya. Nikasimama pale nikawa mbaya. Kisha akafuta kamasi kwa mkono wa nguo, akainua fimbo yake, akaniambia nitoe nyingine.

Kocha hajui habari ya lile "ndiyo". Nyundo hajui, na mtoto atasahau. Ile siri ya kwanza nilikupa ukaitoa. Hii nakupa wewe tena, kwa sababu sijui mwingine ambaye angeielewa. Safari hii ifiche, Shangazi. Ibaki kwako.

Mwanao