Fomu Zilizokaa Chini

Shemeji Orest,

Dada yako Stefka amekufa. Jumanne asubuhi, moyo, akiwa jikoni. Tumemzika Ijumaa. Ardhi imeganda, ikabidi waite mashine ichimbe. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Mgongo wako vipi? Watoto wazima? Mimi nipo.

Kuna jambo jingine. Vumilia mwandiko.

Unajua alikuwa anapokea simu kwenye ile kampuni ndogo ya intaneti. Nyaya si zao, wanakodi kwa kampuni kubwa, hii ninayoichimbia mimi mitaro na kuunganisha waya. Sheria ya serikali inasema kubwa iwaunganishe wateja wa wadogo upesi kama wateja wake yenyewe. Wapi! Watu walimtukana Stefka kutwa. Bibi Pawluk alimwambia, wewe binti, nitakufa hamjafika, hiyo intaneti nileteeni kaburini. Stefka akacheka, akaandika jina lake kwenye daftari. Aliwaandika wote, na siku walizosubiri. Serikali ilikuwa inakuja mjini Regina kusikiliza malalamiko, naye alishapewa nafasi ya kusema.

Mezani ananiuliza, Wasyl, huko kwenu nani anazikalia fomu zetu za kuunganisha wateja? Nasema sijui, niongezee perogi za viazi sahanini.

Shemeji, ni mimi. Fomu za kazi hupitia mkononi mwangu, na msimamizi aliniambia za wadogo zikae chini kabisa, watu wakichoka watahamia kwetu. Nikaziweka chini. Miaka miwili. Nyumbani nakula, nanyamaza. Amekufa hajui.

Jana nimelipeleka daftari lake Regina, nikachukua nafasi yake ya kusema. Nimesoma majina yote, nakwama kwama kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakili wa kampuni akaniuliza kwa dharau, mchimba mitaro anajuaje mambo ya ofisini. Nikamwambia, bwana, hizo fomu nilizificha kwa mkono huu. Mama mwenyekiti akauliza kama najua naweza kufukuzwa. Nikasema najua.

Usiku msimamizi kapiga simu, kaniita msaliti, kasema nisikanyage pale. Nimemwambia aniandikie barua ya kunifukuza. Hajaandika, anaogopa serikali. Mpaka aandike, nafanya fomu kwa kufuata tarehe zilivyoingia, zetu na za wadogo.

Kama hutaki tena kuniita shemeji, sawa. Ilibidi uyasikie kwangu. Msalimie Daria na wanao, waambie shangazi yao hakuteseka.

Kesho narudi kazini.

Wasyl Hnatiuk