Kuku wa Mama Yohana

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa Majengo, kwenye kile chumba ulichokiita sanduku kila ulipokuja mjini kunitembelea. Bado ni kidogo vilevile, na bajaji bado zinapiga honi dirishani. Nimekukumbuka sana, baba. Nina jambo la kukuambia, na nimetaka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Tangu tulipokuzika, usharika wako wa Kabungu hauna mchungaji. Wazee wa kanisa ndio wanaoongoza ibada, ndio wanaozika. Mwezi uliopita walinijia kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, wakaketi kitandani kwangu kwa kuwa kiti ni kimoja, wakasema wananitaka mimi. Nimesoma chuo cha theolojia, walisema, na mimi ni mtoto wa nyumbani. Niliwaambia wanipe muda niombe. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Unanijua. Hasira zangu ziko karibu, na mgonjwa akilia mimi hulia kumzidi. Wewe ulikuwa mtu wa utulivu. Ukiingia kwenye nyumba ya msiba watu walitulia kabla hujafungua kinywa. Kuimba ndiyo hukuweza, tuseme ukweli, na kwaya walikuvumilia kwa upendo wa Kristo. Nilijiuliza, watu waliozoea mchungaji kama wewe wataniweka wapi mimi? Nikaanza kupanga maneno ya kuwakatalia kwa heshima.

Wakati nayapanga, nikamkumbuka kuku wa Mama Yohana.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Watu walileta mahindi, karanga na maboga, na baada ya ibada sadaka zikanadiwa nje ya kanisa kama ilivyo kawaida. Mama Yohana, yule mjane ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alileta kuku, na ulijua nyumbani kwake hakubaki mwingine. Ukapandisha bei mpaka wenzako wakakuachia. Jioni tukaenda mimi na wewe kumrudishia. Hatukumkuta, ukamfungia kuku jikoni kwake, tukarudi. Njiani nilijisikia fahari kuwa mwanao.

Asubuhi alikuwa uani kwetu, kuku kwapani. Mama alimpa kigoda, akakataa kuketi.

"Mchungaji, huyu nilimpa Mungu," alisema. "Wewe unamrudisha kama nani?"

Ukaanza kueleza kwamba ulitaka kumsaidia. Hakukuacha umalize.

"Nyie mnaona mjane hana cha kumtolea Mungu? Siku zote napokea mimi. Jana nimetoa, na wewe umeninyang'anya."

Ulivua kofia, ukaishika kwa mikono miwili. "Nimekukosea, mama," ulisema. "Nipe huyo kuku. Tutamla." Akakupa, ndipo akaketi akanywa chai. Mama yetu alimpika kuku huyo siku hiyohiyo. Ulikula taratibu, huinui macho, na ulipomaliza ukatuambia kwamba chuoni ulifundishwa kuwapa watu, lakini kupokea kutoka kwao hukufundishwa.

Baada ya hapo ulibadilika. Ulianza kuketi kwa watu mpaka chakula kiive, hata kwa wale uliokuwa ukiwahurumia na kuondoka haraka. Uliwaomba wagonjwa wakuombee na wewe. Nilikuwa msichana tu, sikuyaona mabadiliko hayo, nikadhani ndivyo ulivyozaliwa. Leo naona utulivu ule niliokuwa nauogopa, sehemu kubwa uliupata kwao. Mungu alikuita, kisha akawaachia watu wa Kabungu wakulee, na wao hawakuona haya kukurudi ulipokosea.

Basi jana nilikwenda Kabungu nikawaambia wazee nimekubali. Niliwaomba kitu kimoja tu, kwamba nikikosea waje waniambie nyumbani, wasininyamazie. Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa.

"Hilo usitie shaka, mwanangu. Baba yako tulimwambia kila mara."

Nilijua la kuku tu; mengine yote hukuwahi kutusimulia, baba. Nilicheka nao, halafu nikalia mbele yao, nao wakaniacha nilie. Natamani sana ungekuwepo siku watakaponiwekea mikono. Nitaikosa ya kwako kuliko yote, na sitajifanya sijaikosa.

Nilipokuwa naondoka, mama mmoja nisiyemfahamu alitoka mbio nyumbani kwake, kanga inamdondoka begani.

"Mchungaji, nisubiri kidogo. Mtoto wangu anaumwa."

Niligeuka nyuma kukutafuta. Hapakuwa na mtu. Nikaitika.

Pumzika, baba. Mtoto anaendelea vizuri.

Ni mimi binti yako, kitinda mimba,
Tabitha